Kambare au besi? Kuchagua safari ya siku moja ziwani na kiongozi wa uvuvi

Ukikodi boti pamoja na kiongozi wa uvuvi kwa siku moja ziwani, swali la kwanza utakaloulizwa ni hili: tukavue nini? Wengi hujibu kwa kumtaja samaki waliyemwona pichani, na hapo ndipo kosa linapoanza, kwa kuwa safari hizi mbili zinatofautiana tangu asubuhi hadi jioni. Kambare hukifuata chambo. Besi hufuatwa alipo. Katika safari ya kambare kazi kubwa huifanya kiongozi: yeye huchagua mahali, hukata chambo, hutega fimbo, na wewe unaingia kazini samaki akishanasa. Katika safari ya besi, kiongozi anaweza kukufikisha mita kumi na tano kutoka kwenye gogo anakojificha samaki, lakini kuanzia hapo ni mkono wako. Usipoweza kukitua chambo ubavuni mwa lile gogo, ujuzi wake wote haukufai kitu.

Kwa hiyo, kabla ya kuulizana yupi mkubwa na yupi mtamu, watazame watakaopanda boti. Watoto, wazee, watu wanne wanaotaka kuzungumza huku wakivua, au mtu ambaye hajawahi kushika fimbo: hao wapelekwe kwa kambare. Mtu mmoja au wawili wenye subira ya kutupa chambo mara mia kadhaa kwa siku, wakisimama muda wote, na wanaotaka kurudi nyumbani wakiwa wamejifunza jambo: hao ni wa besi. Mtu asiyejua kutupa anaweza kwenda kwa besi pia, mradi akubali kwamba nusu ya kwanza ya siku ni darasa.

Besi tunayemzungumzia ni yule wa maji yasiyo na chumvi, wa mdomo mpana au wa mdomo mdogo, ambaye asili yake ni Amerika Kaskazini na amepandikizwa nchi nyingi. Kambare tunaowalenga zaidi ni watatu wa huko huko: wa buluu (Ictalurus furcatus), wa madoa (Ictalurus punctatus) na wa kichwa bapa (Pylodictis olivaris). Kambare mumi wa Afrika, Clarias gariepinus, naye huvutwa kwa harufu chini ya ziwa, ila ana kiungo cha kupumulia hewa, hivyo hakimbii maji yenye oksijeni haba kama wenzake.

Ukubwa: kila upande utarajie nini

Anayetaka uzito aende kwa kambare bila kusitasita. Rekodi ya kambare wa buluu ni kilo 64.9, aliyevuliwa mwaka 2011 katika Ziwa Kerr, mpakani mwa Virginia na North Carolina. Rekodi ya besi wa mdomo mpana ni kilo 10.1 hivi: George Perry aliiweka mwaka 1932 huko Georgia, na Manabu Kurita akaifikia mwaka 2009 katika Ziwa Biwa, Japani. Miaka 77 ilipita kati ya samaki hao wawili, na hiyo inatosha kukuonyesha jinsi besi mkubwa alivyo adimu.

Siku ya kawaida, besi wa kilo moja hadi mbili ni samaki wa kujivunia. Kambare wa kilo moja hadi tano ni wa kawaida, na katika ziwa lenye kambare wa buluu, fimbo yoyote inaweza kuinama kwa samaki wa kilo kumi na tano bila kutoa taarifa. Ila ladha ya pambano ni tofauti. Besi huruka juu ya maji, hutikisa kichwa, na mambo huisha ndani ya dakika moja au mbili. Kambare mkubwa hazuki. Huvuta kwenda chini kama mzigo wa mawe unaokataa kupanda, na mkono utachoka kabla yake.

Wanavyokipata chakula

Mwili mzima wa kambare ni kama ulimi. Ndevu zake na ngozi yake isiyo na magamba zimejaa vionjo, zaidi ya laki moja kwa kambare wa madoa. Maji yakiwa na tope, au usiku ukiwa giza totoro, bado atakifikia chambo ikiwa harufu imetangulia. Ndiyo maana uvuvi wa kambare hauharibiwi na siku ya maji machafu baada ya mvua. Mara nyingi hata hunufaika nayo, hasa pale mto unapoingia ziwani na kuleta chakula.

Besi hutegemea macho, pamoja na mstari wa ubavuni unaohisi mtikisiko wa maji. Maji yakichafuka hadi usione chambo kwenye kina cha kiganja, anasogea karibu zaidi na kizuizi chake, gogo, magugu au nguzo ya gati, na eneo anakokubali kushambulia hupungua hadi sentimita chache. Mvuvi mzoefu atampata kwa chambo chenye mtetemo mkubwa. Mgeni atatupa siku nzima bila kuguswa. Kama tarehe yako imeangukia baada ya mvua kubwa na kiongozi anakuachia uchague, chukua kambare.

Majira na joto la maji

Jambo hili lina uzito kuliko aina ya boti, hata kuliko chambo. Muulize kiongozi maji yana nyuzi ngapi, usiulize ni mwezi gani.

Besi wa mdomo mpana husogea kwenye maji ya kina kifupi kuzaa maji yakifika nyuzi 16 hadi 21 za Selsiasi; wa mdomo mdogo hutangulia kidogo. Wiki kadhaa kabla ya hapo ndipo wanapokula kwa pupa, na ndicho kipindi bora cha kukodi kiongozi. Wakishazaa, dume hulinda kiota na hushambulia chochote kinachokaribia. Ni rahisi kumnasa, lakini kila dakika anayokuwa mkononi mwako samaki wadogo wanakula mayai yake. Kiongozi anayekuzungusha kwenye viota mchana kutwa anakupa picha nyingi na kulipunguzia ziwa besi wa miaka ijayo. Ukimpata dume wa kiota kwa bahati, mrudishe palepale, haraka.

Kambare wa madoa hula vizuri maji yakiwa ya vuguvugu, lakini kuna pengo ambalo wengi hawalijui. Maji yakiwa kati ya nyuzi 24 na 27, madume huingia mashimoni na chini ya magogo kuzaa na kulinda mayai, na fimbo zinaweza kulala kimya siku kadhaa mahali palepale palipowaka wiki iliyopita. Kambare wa buluu naye ana jambo lake: huendelea kula hata maji yakiwa chini ya nyuzi 10, wakati besi amepoa na anataka chambo kipitishwe puani kwa mwendo wa konokono. Katika nchi zenye majira ya baridi, kambare wa buluu ndiye anayeokoa safari ya miezi hiyo.

Wakati wa joto kali, ziwa lenye kina hugawanyika matabaka: maji ya moto juu, maji baridi chini, na ukanda mwembamba wa mpaka katikati. Katika maziwa mengi, chini ya mpaka huo oksijeni huisha. Kosa la kawaida la mvuvi wa kambare ni kuamini kwamba samaki wa chini hukaa chini kabisa, akatega chambo kwenye kina cha mita 12 huku uhai wote uko kwenye kina kisichozidi mita 7. Kiongozi mzuri huuona mpaka huo kwenye kioo cha sona, chombo kinachopima chini ya maji kwa mawimbi ya sauti, kama utepe hafifu wa ukungu, kisha hutafuta mahali ambapo sakafu yenyewe iko juu yake.

Mitego miwili kwa karibu

Ukitaka kuelewa tofauti ya safari hizi, tazama kinachofungwa mwisho wa uzi.

Kwa kambare, boti ikisukumwa polepole na upepo, mtego unaofanya kazi ni huu. Uzi mkuu ni wa nailoni wenye nguvu ya kilo 11 hadi 14. Pitisha chubwi la gramu 60 kwenye uzi na uliache liteleze, fuatisha shanga ya plastiki ili chubwi lisigonge fundo, kisha funga swiveli, kiungio kidogo cha chuma kinachozunguka ili uzi usijisokote. Upande wa pili wa swiveli funga kipande cha uzi mnene zaidi cha sentimita 60, na kwenye kipande hicho bana boya dogo la sentimita tano, kama kiganja kimoja kutoka kwenye ndoana. Boya hilo halielei juu ya maji. Kazi yake ni kuinua chambo kidogo kutoka sakafuni kisikwame kwenye matope na mizizi, na harufu isambae. Mwisho kabisa ni ndoana ya duara, namba 6/0 hadi 8/0.

Chambo ni kipande cha samaki mbichi, ukubwa wa vidole viwili au vitatu. Choma ukingo wake mmoja tu, ncha ibaki wazi. Ncha ikizama ndani ya nyama, ndoana ya duara haina namna ya kushika, nawe utabaki kuona fimbo zikitikisika na kurudi tupu. Samaki aliyelala tangu jana hafai kwa kambare wa buluu. Anataka mbichi yenye damu. Wa kichwa bapa anapenda chambo hai, jambo ambalo baadhi ya sheria za maziwa zinalikataza.

Mwendo wa boti uwe karibu kilomita moja kwa saa. Ukizidi moja na nusu, chambo huinuka na kuzunguka, uzi unajisokota. Upepo ukiwa mkali, kiongozi hushusha mifuko ya kitambaa majini kama breki. Asipokuwa nayo, mwambie mtie nanga mbili, mbele na nyuma, maana boti yenye nanga moja huyumba na kuburuta kila chambo. Ukiwa umetia nanga, mpe kambare dakika 20 hadi 30. Kimya kikizidi hapo, hamieni pengine.

Samaki akichukua, usiivute fimbo kwa nguvu. Iache kwenye kishikio chake hadi iiname na kubaki imeinama, kisha anza kuzungusha rili, kifaa cha kukusanyia uzi. Ndoana ya duara huteleza yenyewe hadi pembe ya mdomo. Ukiivuta kwa ghafla unaichomoa.

Sasa besi. Mtego wa mwanzo na wa kudumu ni mnyoo bandia wa plastiki wa sentimita 15 hadi 18, ndoana yenye bega (mpindo karibu na tundu la uzi) namba 3/0, na chubwi lenye umbo la risasi: gramu 7 kwa maji ya mita moja hadi tatu, 10 hadi 14 kwa maji ya kina zaidi au magugu mazito. Ncha ya ndoana iingie katikati ya kichwa cha mnyoo, ishuke milimita sita hivi, itokee ubavuni. Vuta hadi bega lizame kichwani, igeuze ndoana imtazame mnyoo, pima kwa macho itakapofikia, kisha choma hadi ncha ilale chini tu ya ngozi ya upande wa pili. Mnyoo unyooke kama rula. Ukipinda, utazunguka kama feni, uzi utajisokota, na besi hataugusa.

Tupa, acha ushuke na uzi uwe umelegea kidogo, na macho yako yasitoke kwenye uzi. Besi wengi hukichukua chambo kikiwa kinashuka. Dalili ni ndogo: uzi unaacha kushuka mapema, au unatambaa pembeni, au unahisi mguso kama mtu amegonga fimbo kwa ukucha. Hapo shusha ncha ya fimbo, kusanya uzi uliolegea, kisha vuta kwa nguvu ili ncha ipasue plastiki na kushika taya. Ukisubiri fimbo iiname yenyewe, atakuwa amekwisha kuutema.

Ona sasa: mwendo unaomnasa besi ndio unaompoteza kambare. Anayechanganya safari hizi mbili kwa siku moja hukosea hapa kuliko kwingine kokote, hata akiwa mzoefu.

Kuna na suala la rili. Kwa besi wengi hupendelea rili ya ngoma, ambayo kibiringo, yaani sehemu inayoviringishwa uzi, huzunguka wakati wa kutupa, kwa sababu inalenga vizuri. Kwa mgeni, kibiringo hukimbia kuliko chambo na uzi hujifunga kiota cha ndege. Dakika kumi zinaishia kufumua. Kaza kirekebishi cha pembeni hadi chambo kishuke polepole ukiachia, na kibiringo kisimame chenyewe chambo kikigusa sakafu ya boti. Bado dole gumba litue kwenye uzi kabla chambo hakijagusa maji. Kama huna mazoezi, mwambie kiongozi mapema alete rili ya kibiringo kisichozunguka. Wala si jambo la aibu. Kwa chambo chepesi na besi wa mdomo mdogo kwenye maji maangavu, hata wazoefu huitumia.

Boti

Boti ya besi ni fupi ubavuni, ina jukwaa mbele na nyuma, mota ya umeme ya kusogelea kimyakimya, na injini kubwa ya kukimbilia mahali pengi kwa siku. Wavuvi wawili wanatosha. Wa tatu ni wa kuchomana ndoana. Boti ya kambare ni pana, ina kingo za juu, viti na vishikio vya fimbo sita hadi nane. Mwenye matatizo ya mgongo au magoti asidanganywe na picha: saa nane za kusimama kwenye jukwaa linalotikisika ni nyingi. Jaketi okozi ivaliwe wakati wote injini inapokimbia, katika boti zote mbili, na ngurumo ikisikika mrudi nchi kavu, maana fimbo za kaboni hupitisha umeme.

Kumshika na kumrudisha, au kumla

Kambare ana miiba migumu kwenye mapezi ya kifuani, na wale watatu wa Amerika wana mwingine mgongoni. Mdogo ana miiba mikali kuliko mkubwa, na jeraha lake huwaka kwa saa kadhaa. Mshike kwa kupitisha kiganja nyuma ya mapezi ya kifuani, miiba ikae mbele ya vidole, au mshike mdomo kwa glavu akiwa mkubwa. Besi hushikwa taya la chini kwa dole gumba, akining'inia wima. Kosa ni kumlaza kwa kumshikilia taya peke yake ili aonekane mrefu pichani. Mwenye uzito huumia taya na baadaye hawezi kula. Mkono wa pili uwe chini ya tumbo. Besi aliyetoka kina cha zaidi ya mita 9 anaweza kuelea chali kwa hewa iliyovimba kibofuni, hivyo muulize kiongozi ana njia gani ya kumrudisha chini. Akiwa amemeza ndoana, kata uzi karibu na mdomo badala ya kuchokoa.

Kama lengo ni kitoweo, kambare wa kilo moja hadi tatu ndiye jibu: nyama nyeupe, haina miiba midogo ya katikati, na wadogo hawa hawajakusanya uchafu wa ziwa kama wakubwa. Kambare wa miaka mingi mwachie aende. Hukua polepole na mafuta yake hubeba sumu za sakafu ya ziwa. Besi naye analika, ila katika sehemu nyingi desturi ya viongozi ni kumrudisha. Angalia sheria ya ziwa lenyewe, kwani inaweza kuwa kinyume kabisa: mkoa wa Shiga, lilipo Ziwa Biwa, ulipiga marufuku kumrudisha besi majini tangu mwaka 2003 kwa sababu ni samaki mgeni anayemaliza wenyeji.

Kabla ya kulipa

Muulize kiongozi wa kambare: chambo kimevuliwa lini, fimbo ngapi zinaruhusiwa kwa kila mtu kisheria, na tutafanya nini upepo ukigeuka? Asipokuwa na jibu la swali la mwisho, ana mahali pamoja tu. Muulize wa besi: tutavua kina gani, nitatupa kwa rili gani, na chambo bandia kikikwama kikapotea, gharama ni ya nani? Swali hilo la mwisho huzua ugomvi gatini, maana mgeni anaweza kupoteza vyambo sita asubuhi moja kwenye magogo. Wote wawili waulize kuhusu leseni, yao na yako. Anayekuahidi idadi ya samaki mwache.

Ukishindwa kabisa kuchagua na maji ni ya joto, siku ya mchanganyiko inawezekana kwa mpangilio mmoja tu: besi kwanza, tangu mwanga wa kwanza hadi jua lipande, wanapokuwa ukingoni mwa magugu wakiwinda, kisha kambare kuanzia saa tatu au nne, mkikaa chini ya mwavuli na fimbo zikifanya kazi. Ukigeuza mpangilio huo, utakuwa unamtafuta besi saa ya jua kali, amejificha katikati ya magugu, na mkono wako tayari umechoka. Na mkubaliane mapema kwamba boti itakuwa ya kambare, kwa sababu mtu anaweza kutupa mnyoo akiwa kwenye boti pana, lakini fimbo nane za kambare hazina pa kukaa kwenye boti ya besi.